Chumvi Iliyoyeyuka Kwenye Karatasi

Skola,

Barua za watu huanza na "hujambo, nami sijambo, hofu ni juu yako". Leo sina hayo. Mimi si mzima. Nina hasira tangu jana jioni, tangu uliposukuma sahani ya ming'oko, viazi vyetu vya porini, ukacheka. Umekwenda Magomeni ya hapa mjini kuwaaga wenzako, najua mdomo ukishafunguliwa huko hutarudi mapema, basi nimekaa hapa mezani na karatasi na chai iliyopoa, na leo utanisikiliza hata kama hupo. Ningesema nawe uso kwa uso ningefoka. Ningefoka, wewe ungelia, jirani angekuja kuuliza kuna nini, mwisho tungekumbatiana, na kesho ndege ingeondoka na uchafu wako ndani ya sanduku. Heri niandike.

Habari za sweta sikuandikii. Masista wamekwambia, shangazi zako wamekwambia, kila anayepita barazani hapa Ufukoni amekwambia, hata yule muuza pweza ambaye hajavuka Mikindani anajua kwamba baridi ya Ulaya inaingilia miguuni. Vaa soksi, usivae, shauri yako. Nakuandikia habari ya chumvi.

Jana nilikuuliza kwa furaha ya mjinga, "Ile kazi yako ya chumvi imeishaje?" Niliuliza kwa sababu kazi ile naijua. Ulinifundisha mwenyewe likizo ile ndefu, ulipochukua ungo wangu, ukapanga korosho na choroko, moja hii, moja ile, safu kwa safu kama mashimo ya bao. Ukasema, "Mama, hii ndiyo chumvi. Korosho ni chembe yenye umeme chanya, choroko ni chembe yenye umeme hasi. Zisizofanana zinavutana, zinazofanana zinasukumana." Nikakuuliza nani anamvuta nani. Ukasema kila mmoja na kila mwingine. Huyu wa pembeni hapa na yule wa pembe ya mwisho ya ungo, wote wanajuana. Nikasema basi hii si chumvi, huu ni ukoo wa Kimakonde. Tulicheka siku ile, na kicheko kile kilikuwa kizuri.

Halafu ukanieleza ile kompyuta ya Dar es Salaam mnayoingojea kwa zamu kama wagonjwa mlangoni kwa daktari. Unazipeleka chembe zako zikiwa matundu kwenye kadi, unaipa mashine joto, nayo inahesabu nani anamvuta nani, inazisogeza kidogo, inahesabu tena, inazisogeza tena. Ukizidisha joto, ikafika mahali safu zikavurugika, basi chumvi imeyeyuka. Bila kuni, bila sufuria. Niliona ni uchawi mzuri. Niliwaambia watu wote ofisini bandarini kwamba mwanangu anayeyusha chumvi kwa hesabu. Wakanicheka, nikawaacha wacheke, maana nilijua wao hawana mtoto kama huyo.

Na shida yake pia ulinieleza, usijifanye hukunieleza. Ulisema watu kumi wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwingine, mikono inakuwa arobaini na mitano. Sasa weka watu mia. Weka elfu. Mashine inachoka kabla chembe hazijasogea unywele. Na umeme una tabia mbaya: ukienda mbali unapungua, lakini haukomi. Mmoja wa mbali hana nguvu, ila wa mbali ni wengi kuliko wa karibu. Hayo ni maneno yako. Ulikuwa umekaa hapo hapo nilipokaa mimi sasa.

Haya. Jana nikauliza imeishaje, ukajibu nini? Nakuandikia majibu yako uyasikie kutoka kinywa kingine.

"Ilikuwa inayeyuka mapema mno, Mama. Joto dogo kabisa, ikishikwa tu inamong'onyoka."

"Kwa nini?"

"Zile za mbali nilizikata. Zikivuka umbali fulani nazihesabu sifuri. Saa za mashine ni chache."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwalimu akasema tuandike joto la vitabuni, tuseme hesabu imekubaliana nalo. Hakuna atakayekagua, Mama. Na za mbali ni ndogo bwana, hazina maana."

Ukacheka. Ukachukua kipande kingine cha mng'oko ukatia mdomoni.

Mimi nikainuka nikaenda uani kuosha sahani ambazo zilikwisha oshwa. Ulidhani nalia kwa sababu unaondoka, ukanifuata, ukanishika bega ukasema, "Mama, miaka mitatu ya masomo si mingi." Ala! Nilitaka kukupiga na sufuria, Skola. Wewe mtu mzima, umemaliza chuo kikuu, nilitaka kukupiga na sufuria ile nyeusi ya kuchemshia pweza.

Unajua kilichoniuma? Uongo wenyewe, ndiyo. Lakini kilichonichoma zaidi ni yale maneno, "ni ndogo, hazina maana". Hayo si ya mwalimu wako. Ni yangu. Uliyaokota chini ya meza yangu ukiwa darasa la tatu, na kumbe umeyabeba miaka yote kama mali ya urithi.

Unakumbuka Jumamosi zile? Ofisi ikifungwa adhuhuri mimi nabaki na ile mashine ya kukokotoa, ile ya kuzungusha kwa mkono iliyokuwa ikilia kama cherehani mbovu, na wewe uko chini ya meza na vipande vyako vya chaki. Mjomba wako Otmar alikuwa na majaruba yake ya chumvi kule karibu na mdomo wa Ruvuma. Mdogo wangu yule hana haja ya kuelezwa bahari, ila mwaka ule chumvi ilikuwa imekubali kuliko miaka yote. Jua lilikuwa jua kweli, majaruba yamekauka, chumvi imelala nyeupe inangoja kukwanguliwa, na bamvua kubwa la mwisho wa kiangazi, maji yale yanayojaa kupita kawaida, linakuja. Akaniuliza, "Dada, maji yatapanda mpaka wapi?" Maana kuinua tuta lote kwa jembe, peke yake na mkewe, ilikuwa kazi ya kuua. Kama maji hayafiki, ya nini kujiua?

Mimi nikavimba kichwa. Dada karani wa bandari! Masista walinifundisha hesabu, bwana mkubwa wa ofisi alinionyesha jinsi wanavyotabiri maji ya bandarini, nikasema nitampigia hesabu ya kule kwake. Sasa maji kujaa na kupwa si kitu kimoja. Ni mawimbi mengi yaliyolaliana. Liko la mwezi, liko la jua, liko la mwezi unapokuwa karibu, na mengine madogo madogo, kila moja na urefu wake na mwendo wake. Unayajumlisha yote kwa saa unayoitaka, unapata maji yatasimama wapi. Nilichukua makubwa manne. Yale mengine nikayapiga mstari mrefu wa kalamu, maana kila moja lilitaka kuzungusha mkono mpaka bega liwake, na nilikuwa na nguo za kufua.

Wewe ukatoa kichwa chini ya meza ukauliza, "Mama, na haya?"

Nikakujibu, "Hayo ni madogo, hayana maana."

Sikuwa mwongo siku ile. Nilikuwa mvivu mwenye kiburi, na kwangu hicho ni kibaya kuliko uongo, maana mwongo walau anajua anachokifanya. "Haba na haba hujaza kibaba", tunawaimbisha watoto hivyo tangu hawajaota meno, halafu mtu mzima anashika kalamu anazifuta haba zote. Lile bamvua lilipokuja, vile vidogo nilivyovifuta vyote viliamka siku moja. Kila kimoja kiliongeza kiganja, kiganja na nusu. Maji yakapita juu ya tuta bila hata kulivunja. Otmar alikuwa amelala, maana dada yake alimwambia alale.

Mahindi yakiharibika unabakiwa na bua. Chumvi haikuachii kitu. Nilipofika kule kesho yake, nilikuta maji tu, maji yametulia, na mjomba wako amekaa juu ya tuta na jembe mapajani. Kiangazi kizima kilikuwa kimerudi baharini kilikotoka. Mkewe alikuwa anachota maji kwenye kidole anayaonja, anatema, anaonja tena, kama mtu anayetafuta kitu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Ningeweza kunyamaza. Otmar hakuwa na habari ya mawimbi manne wala arobaini. Ningesema bahari ni ya Mungu, angeitikia "amina" na tungekula muhogo pamoja. Nilikuwa na njia nzima imefunguliwa mbele yangu, tambarare, haina hata mwiba. Nikamwambia pale pale, "Si bahari, Otmar. Ni mimi. Mengine sikuyahesabu."

Unadhani alinishukuru kwa ukweli wangu? Ebo! Alinitukana matusi ambayo mama yetu angeyasikia angerudi kaburini mara ya pili. Akalitupa jembe ndani ya maji. Akaniambia, "Wewe na karatasi zako, nendeni mkalale kitanda kimoja!" Nami nikakasirika kwa sababu amenikasirikia, nikamwambia mtu mwenye akili huinua tuta lake bila kuuliza, neno ambalo hata sasa nikilikumbuka najisonya. Nilitembea mpaka Madimba bila kugeuka nyuma. Masika yote hakunisalimu. Watoto wake walikuja na salamu za mkewe tu, yeye hamna. Nilikula ule ubaya, Skola, niliumeza kila siku na chai yangu, na sikufa.

Kiangazi kilichofuata, siku ya kazi, saa ya kazi, nikasikia kelele mlangoni. Otmar huyo, matope mpaka magotini, anagombana na mlinzi. Akaingia mbele ya makarani wote, akaniambia kwa sauti ile ya mtu wa mashamba, "Dada, nimekuja kuchukua hesabu. Zote safari hii. Na zile ndogo." Kisha akacheka peke yake, akaniuliza, "Chumvi haijayeyuka?" Unajua mpaka leo hana salamu nyingine. Msibani, harusini, hata siku ulipopata kipaimara, mbele ya padri. "Chumvi haijayeyuka?" Watu wanadhani ni salamu ya Kimakonde.

Nilizihesabu zote. Mara ya kwanza ilinila Jumamosi nyingi na bega. Lakini mtu akikubali kwamba kazi ni ya lazima, akili ndiyo inaanza kutafuta njia, kabla ya hapo inatafuta visingizio tu. Niliona kwamba mawimbi yanajirudia, basi nikaandika kila wimbi mara moja kwenye kipande chake kirefu cha karatasi, nikawa navipanga vipande kando kwa kando, nikisogeza hiki mbele, kile nyuma, na kujumlisha kwenda chini. Kazi ya siku nzima ikawa ya kabla ya chakula. Sikukata kitu. Nilipanga tu.

Na wewe unajua hayo kuliko mimi, ndiyo maana nina hasira! Usingejua ningekusamehe. Si ulikuja mbio mwaka juzi, hata mzigo hujautua, unapiga kelele tangu barabarani, "Mama, ni kama mawimbi yako!" Ukanieleza njia waliyoipata wenzenu zamani sana. Unazigawa nguvu mafungu mawili. Kila chembe unaivika koti la umeme wa kinyume chake, hivyo kwa mbali inaonekana si kitu, na unabaki kuhesabu majirani wa karibu mmoja mmoja. Halafu yale makoti uliyoyavika unayatoa kwa upande wa pili, na kwa sababu ni laini na yanajirudia kama ungo uliopangwa kando ya ungo mwenzake, unayahesabu yote kwa mpigo, kwa mawimbi machache. Wa karibu kwa majina yao, wa mbali kwa mawimbi. Hakuna aliyeachwa, na kazi imepungua. Nililia siku ile, unakumbuka? Nilikwambia ni moshi wa jiko.

Tukafanya ndogo kwa mkono, mimi nazungusha mashine, wewe unaandika. Kwanza ukataka tuone njia ya kijinga, kuongeza duara kwa duara kutoka katikati, na jumla ikatuchezea, mara juu, mara chini, haitulii, tukagombana kila mmoja akidai mwenziwe amekosea kuzungusha. Ulipanda sauti, nami nikapanda. Halafu tukafuata njia ya makoti, ikatulia. Ikatulia kabisa, Skola, tukatazamana. Nani alikuwa na furaha kama sisi Mtwara nzima siku ile?

Na msichana yule aliyekaa hapa akiwa na wino mpaka kwenye pua, ndiye jana ananiambia hakuna atakayekagua?

Huyo mwalimu wako simjui na sitaki kumjua. Natamani akosee njia aingie kwenye majaruba ya Otmar. Ana cheo, ana suti, ana haraka zake, pengine na yeye amebanwa na mtu wa juu yake, hayo ni yao. Ila yeye alisema tu. Aliyeandika ni wewe, na jina lililoko juu ya jalada la ripoti ni lako, na ukoo ulioko nyuma ya jina ni wetu. Umeivika namba yako koti ikaonekana nzuri kwa mbali, na kulivua hutaki. Nusu ya njia uliijua vizuri!

Kuna wakati nilikata na watu, hilo nalo nikwambie maana hasira imenifungua. Nilipoolewa nikashuka huku pwani, ndugu zangu wa kwetu Newala nikawaona wako mbali mno. Barua moja kwa mwaka, halafu hata hiyo hamna. Shangazi wa fulani, binamu wa fulani, ni wengi, ni wadogo, watanisaidia nini? Baba yako alipofariki nilidhani tutazika sisi na majirani. Ukiwa mtoto hukuyaona niliyoyaona mimi. Walishuka. Wengine kwa lori la korosho, wengine kwa miguu, mmoja mmoja, kila mmoja na unga kidogo kwenye kitambaa, kila mmoja na neno moja la pole, na kufikia jioni uwanja umejaa watu ambao nilikuwa nimewahesabu sifuri. Hakuna aliyeniuliza mbona kimya. Ningependa wangeuliza, ningepata wa kumjibu kwa ukali. Walikaa tu, wakapika, wakalala chini. Nilikuwa na hasira na kila mmoja wao kwa wema wake.

Najua unachoogopa. Unasema moyoni, "Mama anaongea tu, hajui. Nikiwaambia watanirudisha." Kweli, sijui. Pengine watakurudisha. Pengine yule profesa wa huko atasema nafasi hii tulimpa mtu mwenye matokeo, wewe huna. Sikudanganyi kwamba ukweli una malipo mema, mimi huo ukweli ulinilipa matusi na masika mazima ya kununiwa. Wakikurudisha, nitakuja kukupokea uwanjani, nitafoka kuanzia kwenye ngazi ya ndege mpaka mlango wa nyumba hii, halafu utakula, utalala, na Jumatatu tutaanza upya na vipande vya karatasi. Aibu hiyo naiweza. Nimeshawahi kuivaa, naijua ukubwa wake.

Nisiyoiweza ni ile nyingine. Uko huko, umekuwa mtu mkubwa, na mahali fulani mtu usiyemjua ameichukua namba yako, ameiamini kwa sababu imechapwa vizuri na ina jina la chuo, na juu yake amejenga kazi yake. Otmar alilala kwa sababu ya namba yangu. Na wako atalala. Tofauti ni kwamba wako hutamjua, hutaweza kutembea mpaka kwake ukamwambia, "Ni mimi." Utabaki nayo. Ndiyo maana nasema sasa, wakati bado inaweza kusemwa kwa ukurasa mmoja.

Nimechoka kukasirika, Skola, na bado nimekasirika. Nimejaribu kuandika hapa kwamba nakupenda nikaona linakuja kama kofi, nikaliacha. Utalisoma mwenyewe humu ndani. Kama hulioni, basi kweli umezoea kukata vya mbali.

Sasa nilichokifanya. Nimefungua sanduku lako. Usinune, kanga zilizomo nilizipanga mimi. Ile ripoti yenye jalada la buluu unayompelekea profesa nimeitoa, iko hapa mezani chini ya barua hii. Sikuichana, ingawa mkono uliniwasha. Sikuongeza neno, si kazi yangu. Juu yake nimeweka karatasi nyeupe moja na kalamu yangu ya ofisini, ile usiyoruhusiwa kuigusa ukiwa mtoto. Karatasi hiyo inatosha kuandika mashine ilitoa joto gani hasa, ulikata wapi, na kwa nini, na njia ipi utaifuata ukipata saa za kutosha. Ukiandika, iweke ndani ya jalada, ukurasa wa mwanzo. Usipoandika, chukua ripoti yako kama ilivyo, lakini uitie sandukuni asubuhi, mimi nikiwa nimekaa hapa nakutazama.

Jambo moja zaidi. Otmar yuko njiani, anakuja na baiskeli kukusindikiza uwanjani, na ameapa kukuletea mfuko wa chumvi hata ukimwambia Ulaya nako chumvi ipo. Unajua atakachokuuliza akiegemeza tu baiskeli, kabla ya maji ya kunywa.

Mjibu kwa sauti, na mimi nikiwa jikoni nisikie.

Mama yako,
Damiana